Maini Niliyoyaficha Kwenye Viazi

Mlango wa Sita, Ghorofa ya Pili,
Juu ya duka la vitambaa.
9 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Pole na kazi za ugenini. Mgongo umepoa, au bado wagonjwa unawanyanyua peke yako? Sisi tunapumua. Shemeji yako kikohozi kimemwachia. Mimi macho yananisumbua, sindano naitunga kwa kubahatisha.

Sasa nisizunguke. Kila ulipopiga simu nilikuambia bintiyo anakula vizuri. Nilikudanganya.

Uliponiachia ulinieleza: viazi vya kuponda, vyeupe, kitu kingine kisiviguse. Nikacheka moyoni, nikasema hili ni deko tu. Nimelea wanne, nani wa kunifundisha? Nikasaga maini, nikayachanganya kwenye viazi vyake ili damu iongezeke. Kijiko cha kwanza akakitema, akaziba masikio, akalia mpaka akatapika. Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia hanyanyuki mtu hapa mpaka sahani iishe.

Tangu siku hiyo viazi hataki, wala chochote kinachotoka jikoni kwangu. Akawa anakula biskuti, tena pakiti afungue mwenyewe. Wiki iliyopita alianguka darasani. Amepungua kilo nne.

Daktari hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema watoto wengi wenye usonji kama yeye hupata shida na chakula. Ladha, harufu, hata ulaini wa kitu huwaelemea kuliko sisi. Si kiburi. Vyakula alivyoviamini vilikuwa vichache, na kimoja nimemharibia mimi.

Nilimwomba radhi. Alinisikiliza akitazama ukuta, akasema, "Sawa, Mama Mkubwa." Nikadhani yamekwisha.

Ukiamua kuja kumchukua, nitamfungia mizigo mwenyewe na sitanung'unika. Ukiniachia, sitamficha kitu tena, wala wewe. Ila kwanza ujue ya jana.

Jana alikubali nimpikie viazi. Loo, nilivyofurahi! Akauliza, "Umeweka nini?" Nikamjibu, "Viazi na chumvi, basi." Akabeba sahani yake mpaka sebuleni, akamwuliza shemeji yako kama nasema kweli. Alipoambiwa ndiyo, akala, huko huko, mgongo kanipa mimi.

Nisalimie shangazi na binamu zetu walioko huko. Mola akukinge na kila baya, akupe moyo wa kunisamehe.

Ni mimi nikupendaye na niliyekukosea,
Dada yako