Kibao cha Kimya Kwenye Shimo la Kumi na Sita

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Mwalimu Kengele, kama anavyojulikana mtaani (jina la kitambulisho limo ndani ya jalada)
Umri: miaka 63
Kazi: mwalimu mstaafu wa shule ya msingi
Makazi: nyumba ya tatu nyuma ya shule aliyofundisha
Uhusiano na marehemu: shemeji. Marehemu alimwoa mdogo wake wa kike

Ninaeleza kwa hiari yangu mbele ya koplo wa zamu, ambaye amenitaka nianze mwanzo na nisiruke kitu.

Huu ni mwaka wa nne najitolea kwenye mashindano ya gofu. Sichezi gofu wala sitamani. Kazi yetu sisi wa kujitolea ni kushika kamba, kuonyesha watu njia, kutafuta mipira iliyopotelea vichakani, na kunyanyua kibao kilichoandikwa KIMYA mchezaji anapotaka kupiga. Mimi hupewa kibao. Msimamizi wetu husema hajaona mtu anayenyamazisha umati kama mimi, na sitasema uongo hapa kituoni, sifa hiyo niliipenda. Nimefundisha miaka thelathini na sita. Darasa la watoto sabini lilikuwa likinyamaza nikiweka kidole mdomoni tu.

Anayejitolea hupewa fulana, kofia, chakula cha mchana na tiketi mbili za jamaa. Tiketi zangu nilimpa mdogo wangu na mumewe, fundi cherehani, ambaye mtaa mzima unamwita Redio. Hakuitwa hivyo bure. Aliongea akipima, akikata, akila, na mdogo wangu anasema aliongea hata usingizini. Mimi na yeye tumetaniana miaka ishirini na miwili, na sikumbuki siku niliyomshinda.

Leo tarehe 14 mwezi huu, siku ya Jumapili, saa 3:50 asubuhi, walifika kwenye shimo la kumi na sita wakasimama mbele kabisa, kwenye kamba, hatua kama kumi na mbili kutoka nilipokuwa. Redio akaanza papo hapo. Alikuwa akimweleza mama mmoja asiyemjua kwamba suruali ya mchezaji fulani imeshonwa na adui yake. Watu wakacheka. Nikamwendea.

"Shemeji, leo niko kazini," nikamwambia. "Ukifungua mdomo kibao kikiwa juu, nakutoa nje mbele za watu."

"Unanifunga mdomo mimi, shemeji? Haya. Kimya kingi kina mshindo, shauri yako."

Nikatoa mfukoni peremende moja, zile ngumu za mnanaa ninazonyonya kwa ajili ya koo langu. Nikamwambia, "Shika hii, mdomo wako upate kazi."

Aliipokea kwa mikono miwili kama mtoto aliyefaulu mtihani, akaitia mdomoni, akaapa kwamba leo hata chafya ataimeza.

Saa 4:24 wachezaji wawili wa mwisho walifika karibu na shimo. Mmoja wao ndiye aliyekuwa akiongoza. Nikanyanyua kibao. Amri yetu ni kwamba kibao kikipanda hakishuki mpaka mpira usimame. Watu kama mia mbili wakanyamaza. Mchezaji akachuchumaa, akautazama mpira, akazunguka shimo, akarudi, akachuchumaa tena.

Nilipogeuza macho nilimwona Redio ameshika koo lake kwa mikono miwili, macho yamemtoka. Nilidhani ananiigiza. Nilidhani ananiambia, shemeji, kimya chako kitaniua. Mzaha wa namna hiyo alishanifanyia kwenye harusi ya binti yangu, nilipokuwa nikihutubia. Nikakaza uso ili nisicheke. Koplo, nilikaza uso ili nisicheke. Naomba hilo liandikwe.

Akamvuta mdogo wangu mkono. Mdogo wangu alimtazama yeye, kisha akanitazama mimi, akanyoosha mkono juu kama mwanafunzi anayeomba ruhusa. Nikaweka kidole mdomoni.

Wazazi wetu walifariki yeye akiwa na miaka minane. Mimi ndiye niliyemlea, na mimi ndiye niliyemfundisha kusoma. Tangu hapo kidole changu kikienda mdomoni, yeye hunyamaza. Alinyamaza. Siwezi kusema ni kwa muda gani.

Kisha akapaza sauti akimwita mumewe. Watu watatu wakamgeukia wakamwambia, "Sss!" Nami nikakinyanyua kibao juu zaidi. Hapo hapo mpira ukaingia shimoni na umati ukalipuka kwa makofi na vigelegele. Mdogo wangu alikuwa akipiga mayowe ndani ya makelele hayo na hakuna aliyemsikia. Mimi niliona mdomo wake tu. Nilipoangalia chini ya kamba niliona soli za viatu vya Redio.

Nikatupa kibao nikakimbia. Nilimpiga mgongoni kwa kiganja. Sikujua lingine la kufanya. Siku ya mafunzo tulionyeshwa namna ya kushika kamba na namna ya kumpisha mchezaji. Mambo ya mtu aliyepaliwa hatukuonyeshwa, na mimi mwalimu mzima sikuuliza. Nilikuwa nikimwambia, "Ongea! Redio, ongea, ndugu yangu!"

Daktari wa mashindano alifika kwa kigari saa 4:31. Alijitahidi sana, sina la kumlaumu. Saa 5:05, hospitalini, tuliambiwa amefariki. Peremende waliitoa kooni, na nilipoomba kuiona walinionyesha juu ya kipande cha pamba. Ilikuwa karibu nzima.

Mdogo wangu hajanitukana. Pale kwenye benchi la hospitali aliniuliza jambo moja tu. "Kaka, ulikuwa unaniona?" Nikamjibu kwamba nilikuwa namwona. Hajaniuliza lingine mpaka sasa.

Koplo ameniuliza kama marehemu alikuwa na ugomvi na mtu. Hakuwa nao. Ameniuliza pia kama marehemu aliomba msaada. Aliomba. Aliniomba mimi, na aliomba vile nilivyomwagiza, bila kutoa sauti.

Haya ndiyo maelezo yangu. Nimesomewa, ni ya kweli, na sina la kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (imewekwa)

Maandishi ya afisa: Maelezo haya nimeyachukua mimi, koplo wa zamu, tarehe 14, kuanzia saa 9:10 hadi saa 10:45 alasiri. Yamechukua muda kwa sababu shahidi alizungumza kwa sauti ya chini na ilinibidi nimwombe arudie mara nyingi. Nimepokea kibao kimoja na pakiti moja ya peremende iliyofunguliwa. Anayefuata ni mjane wa marehemu. Nilipomwita aketi na kumwambia aeleze, alimtazama shahidi kwanza. Nimemwomba shahidi akasubiri nje.