Alhamisi Naenda kwa Kadi ya Binamu

Mama Zoraida wa redioni, naomba msaada ila usinicheke, mimi ni Teodulo muuza baleada, zile chapati za maharage, nauza kwenye buti la gari wanapojenga maghorofa hapa Houston, hata mbwa wa mtaa wananijua, sasa mama nina mawe kwenye mfuko wa nyongo, yakiamka najikunja kama jongoo mbele ya wateja, wao wanadhani nacheza. Nikaenda hospitali, dada wa mapokezi akauliza bima, nikasema sina, nitalipa kidogo kidogo, akabonyeza kompyuta, akasema, "Huna rekodi ya mikopo." Nikamwambia, "Dada'angu, sijawahi kukopa hata chumvi!" Akasema, "Ndiyo shida yako hiyo, kaka." Yaani huku asiyedaiwa ndiye haaminiki! Lakini Mungu si Athumani, binamu yangu Nahún ana bima ya kazini, tumefanana mpaka pua, kanipa kadi yake, kasema, "Chukua, kaka, mimi huo mfuko walinitoa mwaka juzi, hata sikusikia kitu!" Basi nimeshapiga simu hospitali nyingine kwa jina lake, Alhamisi namwona daktari wa upasuaji! Nafanya mazoezi ya kuitika Nahún, mke wangu akiita Teodulo nanyamaza, kanuna huyo! Furaha imenijaa, naimba mpaka bafuni. Swali dogo tu mama: wakinilaza kwa dawa ya usingizi nikaropoka jina langu, itakuwaje?

*

Teodulo baba, pole kwa maumivu. Sasa kaa chini. Nahún alishatolewa mfuko wa nyongo, faili lake linasema hivyo. Wewe unakwenda kuomba utolewe kitu ambacho Nahún hana, na tumbo lako halina hata kovu! Unaogopa kuropoka usingizini? Utanaswa ukiwa macho, ukivua shati tu. Nahún naye atapoteza bima, pengine na kazi. Na wakikuongeza damu kwa kufuata faili lake, kumbe kundi la damu si lako, je?

Rudisha kadi leo. Kesho asubuhi nenda kliniki ya jamii, ile inayotoza kulingana na kipato, ubebe daftari la mauzo. Wakikutuma hospitali, achana na habari za mikopo, omba fomu ya msamaha wa gharama. Mara nyingi hawakupi mpaka uitaje, na mdomo unao. Macho yakiwa ya manjano au homa ikipanda, usingoje fomu, kimbilia idara ya dharura, pale lazima wakupime kwanza kabla ya kuuliza pesa.

Hizo baleada za mafuta uza, usile.

Na mkeo akikuita, itika. Mawe ni ya Teodulo, akatwe Teodulo.