Viazi Nilivyokupikia Ukiwa Nyuma ya Pazia

Mama,

Salaam aleikum. Hii ndiyo mara ya kwanza nakuongelesha moja kwa moja, na imebidi ufe kwanza. Miaka minne tumekaa nyumba moja hapa Chechelesi mjini Isiolo, vyumba viwili na pazia la maua katikati, na sijawahi kukuuliza hata umeamkaje. Sisi Waborana mkwe na mama mkwe hawaangaliani, hawali pamoja, hawatajani majina. Najua hapo ulipo umeshajifunika shuka usoni baada ya kusikia ni mimi. Usijali. Nimekupa mgongo. Naandika nikiangalia ukuta.

Hukujua kusoma, na mimi shule niliacha darasa la tano, la sita nililiona kwa dirisha. Kwa hivyo barua hii inatufaa sisi wawili.

Talaso binti yako hajambo. Analia akikata vitunguu na anasema ni vitunguu. Jana alikuwa analia na alikuwa anakata nyanya. Mimi bado nakohoa nikifika mlangoni, kukupa nafasi ujifunike. Juzi nilikohoa sana mpaka jirani akaniletea dawa ya kifua.

Lakini sikuketi kuandika kwa ajili ya hayo. Watu wanaokuja kutupa pole wananisifu kwamba nilikulisha vizuri, na kila mmoja ana hadithi yake. Kuna mzee wa Kiwanjani anaapa kwamba nilikudanganya viazi ni ini la ngamia. Mama, mimi nimedanganya watu wengi katika maisha yangu, na wengine walifurahia. Wewe sikukudanganya hata siku moja. Nataka usikie kwangu mwenyewe mambo yalivyokuwa upande wangu wa pazia.

Ulishuka kutoka Biliqo mwaka wa themanini na nne, juu ya lori, na ile gorfa yako, chombo cha kusukwa cha maziwa, mgongoni, tupu. Ng'ombe wote ukame ulikuwa umewalaza chini njiani kati ya kisima na kisima. Ulipita chumbani, ukaketi ukiangalia ukuta, ukapewa chai ya rangi, ukasema chai bila maziwa ni maji ya kunawia miguu. Basi. Siku ya pili Talaso akanijia jikoni, pale nje chini ya mabati.

"Mama hali," akasema.

"Hataki au hawezi?"

"Anasema waliokuwa wakimlisha wamekufa."

Sasa mimi ni mpishi, unajua. Si mpishi wa kubahatisha. Nimepikia wazungu kwenye kambi ya kuwinda, nimepikia mabaharia Mombasa, nimepikia mkubwa mmoja wa serikali ambaye alilamba sahani, na kama si yeye aliyelamba, basi nani? Nikamwambia Talaso, niachie mimi, mama atakula kabla ya Ijumaa. Ilikuwa Jumanne.

Mwaka ule hakukuwa na kitu cha kupika. Nyama ya sokoni ilikuwa ngozi yenye mifupa ndani. Unga wa msaada ulikuwa wa mahindi ya njano, na ulishasema wewe si kuku. Kitu kimoja tu kilikuwa kinashuka Isiolo bila kuchoka, nacho ni viazi, kutoka kule juu Umeruni kwenye baridi, vikubwa kama ngumi ya polisi. Mama Kinya, yule Mmeru wa sokoni, alikuwa ameketi juu ya magunia yake kama chifu.

Nikakuchemshia vya kwanza, nikatia chumvi, nikaweka samli kidogo juu. Sahani ikarudi vile ilivyoenda. Talaso akasema, "Anasema udongo haugeuki chakula kwa kuchemshwa."

Kesho yake nikapiga chipsi kwenye karai, nyembamba, za rangi ya dhahabu, zile ambazo mabaharia walikuwa wakizipigania. "Anauliza umekata vidole vya nani."

Nikaenda kwa Mama Kinya, akanifundisha mukimo wa kwao, viazi vikapondwa pamoja na mahindi na majani ya malenge. Nikaponda mpaka bega likauma. "Anasema hiki kimeshatafunwa, kirudishiwe mwenyewe."

Na katikati ya hayo yote nikakusikia ukisema na ukuta, maana pazia halizuii sauti: "Binti yangu ameolewa na mwanamke mwenzake." Mama, nilicheka mpaka nikaunguza mafuta. Mwanamume wa Kiborana na mwiko mkononi, hata mimi nisingejioza.

Ijumaa ilipofika nikatengeneza bhajia za viazi, na dhania na pilipili. Sahani ikarudi tupu.

Sijui kama ulisikia kelele nilizopiga. Nilienda sokoni, nikaenda kwa kinyozi, nikaenda mpaka kwa watu nisiowajua, nikawaeleza jinsi nilivyomshinda mama mkwe. Kesho yake sahani tupu. Kesho kutwa tupu. Siku ya nne nikapita nyuma ya nyumba na nikamkuta mbuzi wa jirani amesimama chini ya dirisha lako, ametulia, anangoja kama mteja. Nikamwangalia vizuri. Isiolo nzima, kuanzia hapa mpaka Merti, alikuwa amenenepa mbuzi mmoja tu, na ni mimi niliyekuwa nikimpikia.

Nikaketi juu ya jiwe. Hasira ilikuwepo, sikatai, kwa sababu mbuzi yule hakuwahi hata kunisifu. Lakini jioni ile Talaso alikuja kuketi karibu nami na akasema polepole kwamba bangili yako ya shaba, ile ya kifundo cha mkono, siku hizi ukiinua mkono inateremka mpaka kwenye kiwiko. Nikajua kwamba nimekuwa nikicheza. Nilikuwa nashindana na wewe nishinde, na wewe ulikuwa unakufa chumba cha pili.

Ndipo ukasema lile neno. Ulijua niko nje. Uliinua sauti:

"Wewe ukuta, mwambie huyo anayechoma mafuta. Kitu ambacho hakijawahi kunyonya, mimi nitakilaje? Ng'ombe alinyonya. Ngamia alinyonya. Hata huyu mbuzi mwizi alinyonya. Hicho kilichotolewa shimoni, mama yake nani?"

Nimebishana na watu kutoka Moyale mpaka bandarini, na hakuna aliyewahi kuniuliza swali kama hilo. Nililala na swali lako. Asubuhi nikaamka nikamwambia Talaso, kama shida ni hiyo, leo kitanyonya.

Maziwa ya ng'ombe hayakuwepo, ng'ombe wenyewe hawakuwepo. Yaliyokuwepo ni ya ngamia, ya wale akina mama wa Kisomali wanaoingia mjini jua likichomoza, na mwaka ule ulikuwa huyapati kwa kutabasamu. Mama mmoja akaangalia mkono wangu. Unaikumbuka ile saa yangu? Huikumbuki, hukuwahi kuangalia upande wangu. Nilikuwa na saa ya Mombasa, ya kung'aa, nilikuwa nikiwaambia watu wakati hata kama hawajauliza. Nikaivua. Tukakubaliana maziwa kila asubuhi mpaka mvua inyeshe. Tangu siku ile naishi kwa jua na kwa tumbo, na sijachelewa mahali popote pa maana.

Lakini maziwa ambayo hayakuingia kwenye chombo kilichofukizwa moshi, kwako ni maji meupe tu, hilo nalijua, nimezaliwa na Mborana. Nikamtuma Talaso aombe gorfa yako. Ukachelewa kuitoa. Nikafikiri nimekukosea, maana gorfa ile ndiyo ilikuwa kaburi la ng'ombe wako wote. Halafu pazia likasogea kwa chini, gorfa ikatoka, inasukumwa na vidole. Nilivitazama vidole vyako, mama. Nisamehe. Ndiyo mara pekee nilivunja mila nikijua navunja.

Talaso akaifukiza kwa kaa la moto, akatia maziwa yakakaa humo mpaka yakashika moshi. Mimi nikamenya viazi, nikavipika ndani ya maziwa yenyewe, si maji, makaa machache, polepole, nikikoroga yasishike chini. Vikanywa. Vikanywa vyote, sufuria ikabaki nzito. Nikaponda kwa mwiko, nikatia samli, chumvi kidogo kwa vidole viwili. Sikutia kitunguu. Sikutia pilipili. Niliumia kama mzee aliyenyimwa nafasi ya kusema barazani.

Kabla ya kukutumia sahani, nilimkamata yule mbuzi nikamfunga kwenye mti wa mbali.

"Mwambie mama," nikasema, "kimenyonya."

Mama, nimewahi kungoja mambo makubwa. Nimengoja korti, nimengoja mke wangu ajifungue. Sijawahi kungoja kama siku ile, nimeinama juu ya jiko ambalo halina kitu. Halafu nikasikia kidole kikikwaruza chini ya sahani.

Ukakohoa. Ukasema, "Wewe ukuta, mwambie, mtoto wa shimoni ameshiba. Na kesho aongeze chumvi."

Nilitoka nikaenda nyuma ya nyumba. Watu waliuliza macho yana nini. Niliwaambia ni moshi, na moshi kweli ulikuwepo, lakini haukuwa mwingi hivyo.

Baada ya mvua kunyesha hukurudi Biliqo, na hapo ndipo nilipojua nimejiletea serikali ndani ya nyumba. Vya kuchoma kwenye majivu ya moto na maganda yake, kisha kupasuliwa na kutiwa samli, hivyo ulivitaka alasiri. Vya kuvunjika ndani ya supu ya kichwa cha mbuzi, hivyo ni vya siku ya baridi, kama Isiolo kuna siku kama hiyo. Chipsi ulizikubali mwaka wa tatu, kwa sharti nizizamishe kwenye maziwa lala, jambo ambalo mabaharia wangenitupa baharini kwa ajili yake. Nilionja ukiwa umelala. Hazikuwa mbaya. Siku hizi nakula hivyo na simwambii mtu.

Bhajia hukuzikubali kamwe. Ulisema hizo ni za mbuzi.

Ulikuwa unanusa tu, nyuma ya pazia, na unasema kiazi hiki kimekaa juani, kimekuwa kijani, kirudishwe sokoni. Na kweli kimekuwa kijani. Mama Kinya alikuja mwenyewe kubishana, yeye na Kimeru chake na wewe na Kiborana chako, mkagombana saa nzima mkaelewana kila neno, akaondoka ameacha debe la viazi na kuchukua kibuyu cha maziwa. Wageni wakitoka Biliqo, unawaketisha unawafundisha. Niliwahi kukusikia ukimwambia mama mmoja, "Viazi si chakula kibaya, shida ni kwamba kiazi ni yatima. Lazima umpatie mama." Nikasimama pale nje na mwiko wangu, kifua mbele, hakuna aliyeniona.

Halafu ile asubuhi. Talaso alienda kukuamsha kwa swala akarudi bila sauti.

Mwanao wa kiume alikuwa Biliqo na lori lisingefika kwa siku mbili, na maiti ya Mwislamu haingoji lori. Pale makaburini sheikh akauliza nani ataingia kaburini kumpokea mama huyu, awe maharimu wake, yaani mwanamume ambaye dini imemharamishia kumuoa milele. Watu wote wakaniangalia mimi.

Nikamwambia, "Sheikh, mimi hata uso wake siujui."

Akasema, "Dini inakujua. Shuka."

Nikavua viatu nikashuka. Wakakuteremsha kwangu. Miaka minne sikuwahi kukusogelea hatua tatu, na sasa walikuweka juu ya mikono yangu miwili. Mama, ulikuwa mwepesi. Ulikuwa mwepesi kuliko debe la Mama Kinya. Nikawaza, jamani, viazi vyote vile vilienda wapi? Na kicheko kikaja, pale, ndani ya kaburi, kikageuka kitu kingine nikiwa bado nimefungua mdomo. Waliokuwa juu walifikiri nimeumia mgongo. Nikakulaza kwa ubavu wa kulia, nikafungua vifundo vya sanda kama sheikh alivyonielekeza, na nikaangalia pembeni muda wote. Sikukuaibisha.

Siku tatu za matanga watu walikula, na Mama Kinya, na Ukristo wake wote, aliketi na akina mama wa hapa akimenya viazi akilia kwa Kimeru. Mwanao alifika siku ya nne. Nikampikia vya maziwa. Akaniuliza kama mimi ni mzima kichwani.

Basi mama, nenda salama. Mola akupe mahali penye malisho, na kama huko hakuna viazi, usiseme hukuzoea.

Mimi nina ahadi moja. Binti yetu mkubwa anakua, na siku moja atakuja kijana hapa na wazee wake na maneno matamu kumposa. Wazee wataanza na ng'ombe, na mimi nitawaambia wangoje. Nitampa huyo kijana kisu, nimpe kiazi kimoja, nimwoneshe jiko, na nimwambie: mama mkwe wako yuko ndani, hajala tangu jana. Halafu nitaketi nimwangalie anaanzia wapi.

Mkweo,
Wario