Trekta la Baba Lilipokataa Kuzimika

Shambani,
Roseau, Minnesota.
28 Aprili 1991

Mpendwa kaka Anselm,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta wewe na wifi Marit mkiwa wazima, na kwamba kile kikohozi kilichokusumbua majira yote ya baridi kimekuachia. Je, huko Fairbanks theluji imeanza kuyeyuka? Huku imebaki kwenye mitaro tu, na mashamba ni tope tupu. Mimi mwili ni mzima. Nivumilie tu mwandiko.

Shemeji yako Delmar yu hai. Nimetanguliza hilo ili usome yanayofuata bila kuruka mistari.

Unakumbuka ulipoandika kwamba utakuja Julai, na kwamba ungependa kuliendesha trekta la baba kwenye maandamano ya sherehe za mji. Delmar alifurahi kama mtoto. Tatizo ni kwamba lilikuwa bado linatumia volti sita, kama siku baba alipolinunua. Taa zake zilikuwa hafifu, na asubuhi za baridi stata, ile mota ya kuwashia injini, ilikuwa inazunguka kama mtu anayeamshwa kwa nguvu. Delmar akaamua kulihamishia volti kumi na mbili. Akaagiza betri mpya, akang'oa dainamo ya zamani iliyokuwa ikichaji betri na kufunga alteneta ya kisasa mahali pake, akabadilisha koili inayozipa plagi umeme, na balbu. Meza yangu ya jikoni ilijaa nyaya.

Mimi sikuipenda kazi ile tangu mwanzo. Nilimwambia amwite Clifford Haugen, jirani yetu, ambaye amekwisha kubadilisha matrekta kadhaa ya namna hiyo.

"Clifford akija atakula keki yako yote na kazi nitafanya mimi," akasema.

"Basi ale. Keki nitaoka nyingine. Mume sitaoka mwingine."

Akacheka, akanibusu utosini, akaenda bandani. Ndivyo alivyo, unamjua.

Jumanne ya juma lililopita nilimpelekea kahawa. Nilipofika mlangoni alikuwa amesimama ubavuni mwa trekta, mbele ya gurudumu kubwa la nyuma, na nyuma yake marobota ya majani makavu yamepangwa hadi juu ya kichwa chake. Kitufe cha kuwashia kilikuwa hakijaungwa bado, kwa hiyo alitaka kuijaribu stata kwa kugusanisha vyuma vyake viwili kwa bisibisi. Wanaume wa huku wote hufanya hivyo. Baba naye alikuwa akifanya.

"Njoo umsikie mzee akiamka!" akaniita.

Kaka, breki za trekta lile hazishiki, nawe unajua kwamba sisi huliacha kwenye gia lisiteleze. Delmar alisahau kulitoa kwenye gia. Kwa zile volti sita lingesogea kidogo tu, likakata tamaa. Safari hii liliruka. Sina neno jingine. Liliwaka papo hapo, likaruka mbele kama ng'ombe aliyechomwa, na gurudumu la nyuma likamnasa Delmar kwenye nyonga na kumgandamiza kwenye marobota. Pua ya trekta ikagonga ukuta wa nyuma, ikakwama pale. Lakini injini haikuzimika. Gurudumu likaendelea kuzunguka, linachimba sakafu ya udongo, na meno yake yanamsaga mume wangu paja huku nikitazama.

Sikumbuki kikombe kilianguka wapi. Nilikimbia, nikanyoosha mkono nikazima swichi ya injini kando ya usukani.

Injini iliendelea kunguruma.

Nikaiwasha, nikaizima tena. Nikaipiga kwa ngumi. Swichi imezima na trekta linaendelea, kana kwamba halihitaji tena ruhusa ya mtu yeyote. Anselm, nimezaliwa shambani, nimeona dhoruba ikiondoka na paa la zizi, lakini sijapata kuogopa vile. Niliona kama kuna kitu kimeingia ndani ya chuma kile. Nilitaka kupanda nikanyage klachi, ila njia ya kupandia ni pale pale gurudumu lilipokuwa likizunguka, na goti langu hili baya halikubali kunirusha juu kwa upande mwingine. Delmar alikuwa amefungua kinywa na hakuna sauti niliyoisikia. Uso wake ulikuwa wa kijivu. Mkono mmoja ulikuwa huru, na alikuwa akiupunga, akiupunga.

Nikazunguka upande wa pili, ambako nyaya za plagi hutokea. Sikujua upi ni upi. Nilishika ule mnene unaotoka kwenye koili nikauvuta kwa nguvu zangu zote. Umeme ulinipiga mpaka begani, meno yakagongana, nikaanguka kwa makalio na waya mkononi. Trekta likakohoa, likanyamaza.

Ule ukimya nao ulinitisha. Nilidhani amekufa.

Kisha akaniambia, taratibu sana, "Mama, usilisogeze. Mwite Clifford."

Clifford alifika na jeki kubwa kabla ya gari la wagonjwa. Mikono yake ilikuwa inafanya kazi na mdomo haukusimama, nadhani ili Delmar asisinzie.

"Wewe mzee, nilikwambia uniite, ukaona bora ukumbatiane na tairi?"

"Nilikuwa naokoa keki," Delmar akajibu, midomo haina damu.

Nyonga imevunjika mahali pawili na mbavu tatu zimepasuka. Nyama ya paja imechubuka vibaya, wameishona na kuifunga. Daktari alisema kama nyuma yake kungekuwa na ukuta wa mbao badala ya majani makavu, tungekuwa tunaongea mambo mengine. Jana wamemrudisha nyumbani. Amelala sebuleni, kwenye kitanda alichokileta Clifford, na atakaa hivyo majuma mengi. Kupanda mahindi majirani wamekwisha kugawana.

Niliuliza kwa nini swichi haikuzima. Clifford alikwenda kuangalia, akarudi na kimfuko cha karatasi alichokiokota kwenye benchi. Ndani yake mna kidude kidogo kama punje ya haragwe chenye miguu miwili ya waya. Kinaitwa dayodi. Alteneta mpya, injini ikiwa inazunguka, hurudisha umeme kinyumenyume kupitia waya wake mwembamba mpaka kwenye koili, hata ukizima swichi. Hicho kidude huuruhusu umeme upite upande mmoja tu. Delmar alikuwa amekinunua. Alikuwa anataka kukifunga baada ya chakula cha mchana.

Clifford amekifunga, na ameunga kitufe ili mtu awashie akiwa kitini. Lakini mimi nilikuwa siwezi kupita karibu na banda.  Kuku wenyewe nilikuwa nawalisha kwa kuzunguka nyumba. Leo asubuhi, Delmar akiwa amesinzia, nikachoka kuogopa. Nikamwomba Clifford asimame nje mlangoni, mbali. Nilipanda kwa upande wa goti zima, nikatingisha gia mpaka nikawa na hakika imetoka, nikakanyaga klachi kwa miguu miwili, nikabonyeza kitufe. Likawaka mara moja. Nililia kwa sauti, sikujali Clifford ananiona. Kisha nikazima swichi.

Likazimika.

Nikarudia, na nikarudia tena. Kila mara likazimika. Kaka, hofu haikuisha. Nilishuka nikatapika nyuma ya banda. Ila sasa nimepita njia ya karibu kwenda kwa kuku.

Niliporudi ndani Delmar alikuwa macho, ameusikia mngurumo wote. Hakucheka. Nikamwambia kwamba siku ile niliuona mkono wake ukiniita, na kwamba nitauona mpaka naingia kaburini. 

"Sikuwa nakuita, Verna," akasema. "Nilikuwa nakufukuza. Niliona unakuja kwenye gurudumu."

Tukakaa hivyo, nimemshika mkono huo huo, hata chakula kikaungua.

Njoo Julai kama ulivyosema. Trekta utaliendesha wewe. Delmar atatazama kutoka kwenye kiti, na mimi nitakuwa nimesimama mbali na gurudumu.

Nisalimie wifi Marit, na binti yenu Solveig na mumewe. Clifford anawasalimu. Delmar anasema usimcheke mpaka mbavu zipone. Mungu awafunike huko mliko, na awafikishe kwetu salama.

Ni mimi dada yako, nikupendaye siku zote,

Verna