Kodi ya Nyumba Yangu, Umeme wa Dorcas

Jumatatu, 3 Machi 2025
Redio imenichefua asubuhi yote. Msikilizaji mmoja kapiga simu, eti wastaafu wenye nacho wakatwe kodi mpaka kwenye pensheni. Wakatwe! Mimi niliyekatwa mshahara wa umeneja mpaka mvi zikanitoka? Chenge, mdogo wangu, kanipigia kutoka Misungwi: dada, hawa watatunyonya mpaka mifupa. Yeye ng'ombe wake hawahesabiki, na sijawahi kusikia kakatwa hata mkia. Nimemuaga vizuri. Ni ndugu yangu.

Jumatano, 5 Machi
Bwana asifiwe! Nimemuuliza mwanasheria tunayesali naye. Ni maoni tu ya mtu, hakuna sheria. Pensheni yangu iko salama. Nimenunua samaki, sato mzima, nimekula peke yangu mpaka kichwa.

Alhamisi, 6 Machi
Dorcas anahama. Dorcas! Mpangaji wangu wa uani, muuza uji wa stendi ya Buzuruga — ndiye anayenishika mkono nikishuka mawe ya kilima chetu kwenda kanisani na magoti haya. Kaja, shikamoo mama, marahaba, kisha kaangalia chini. Umeme umemshinda. Kila akinunua LUKU, umeme wa kulipia kabla, mwanzo wa mwezi, kodi ya jengo ya serikali inakatwa kwanza, uniti anapata kiduchu. Maige wa chumba cha pili, naye ana mita yake, hakatwi. Mimi wa nyumba kubwa sikatwi. Kodi ya nyumba nzima imeangukia mita ya Dorcas.

Nikamjibu ndivyo mfumo ulivyopanga, nifanyeje? Akaitikia tu: haya, mama. Moyo umeniuma.

Ijumaa, 7 Machi
Nyumba ya nani? Yangu. Kodi ya nani? Acha ubishi, Evelina! Jumatatu nilikuwa nagombana na redio kuhusu haki, kumbe uji wa Dorcas ndio unaonilipia. Tena nilijua mita yangu haikatwi. Nilifurahi, nikasema kompyuta imenisahau. Naona haya. Na naogopa — akihama nitabaki na nani?

Jumamosi, 8 Machi
Nimemwita. Nimemrudishia yote aliyokatwa, na Jumatatu tunakwenda wote ofisi ya umeme, kodi ihamie kwenye mita yangu. Kaniangalia weee. "Mama, si ungesema mapema? Nishafunga masufuria!" Kisha akacheka. Hahami! Nimepumua kama mtu aliyetua gunia. Sijali nitakatwa kiasi gani.

Nikampigia Chenge kwa furaha. Kawaka. Dada, umerogwa? Yeye ana nyumba Mirongo, hapa mjini, vyumba tele, na wapangaji wake nao wanakatwa kwenye LUKU. Wakisikia itakuwaje? Eti nikamwambie Dorcas afunge mdomo, sasa hivi, yeye anasubiri hewani.

Dorcas yuko uani, naye yuko kwenye simu. Anamsimulia shoga yake wa Mirongo, kwa sauti ile ile ya kuuzia uji.

Nimemwambia Chenge nakwenda. Simu nimeilaza mezani, inaita dada, dada. Naandika kwanza.