Zimebaki Sahani Kumi na Tatu

Nyumbani, nyuma ya soko,
Jumapili, 14 Juni.

Mpendwa mdogo wangu Chapuchapu,

Hujambo huko uliko? Mgongo je? Mara ya mwisho ulisema kuchomea vyuma kutwa nzima umeinama kumekuacha ukitembea kama babu. Jipake dawa, usijifanye kijana. Sisi huku hatujambo. Mama ni mzima wa kupigana: jana alimfukuza fundi bomba kwa sababu hakuvua viatu mlangoni. Mimi miguu inavimba kidogo jioni, lakini huo ndio mshahara wa pili wa mpishi.

Habari kubwa ni kwamba jiko letu la shule liko hatarini kufungwa, na ninapigana lisifungwe. Mzazi mwenye uwezo huchangia chakula cha mwanawe. Asiye na uwezo, mwanawe hula kwa fedha za serikali. Fedha hizo huja kwa kuhesabu sahani zilizoliwa, si watoto walioandikishwa. Sahani zikipungua, fedha zinapungua, na maharage hayashuki bei hata ukiyapigia magoti.

Sasa sikia ujinga wa dada yako. Muhula uliopita nilitoa wazo kwamba waliolipiwa wale kwa sahani nyeupe, wasiolipiwa kwa za bluu. Nilikuwa nimechoka kusaka majina kwenye orodha huku mvuke ukinipofusha. Mwalimu mkuu alinisifu mbele ya walimu wote, nami nikavimba kichwa wiki nzima.

Taratibu sahani za bluu zikaanza kubaki kavu kwenye rafu. Nikadhani ni mapishi. Nikaongeza vitunguu, nikapunguza chumvi, wapi! Wazazi wanaolipa nao wakaanza ukaidi, eti jiko lenyewe linakufa, watie pesa ya nini. Kisha ikaja barua ya ofisi ya elimu: sahani zisipofika mia tatu kwa siku kufikia mwisho wa mwezi huu, jiko linafungwa. Siku hiyo tulikuwa na mia moja na tisini.

Mchana huohuo nilimkuta msichana wa darasa la tano nyuma ya tangi la maji, daftari wazi magotini. Nikamuuliza mbona haji kula.

"Nimeshiba, mama," akasema, na tumbo lake likanguruma palepale.

Nikakaa chini, nikangoja. Ndipo akaniambia, "Siku hizi hawaniiti jina langu. Wananiita Bluu."

Niliona aibu, ndugu yangu. Nilikuwa nimejikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, na kibaya zaidi nilikuwa nimewakaanga na watoto wa watu.

Kesho yake nilichanganya sahani zote kwenye beseni moja. Haikusaidia, watoto walisukumana kuzikimbia za bluu. Nikaenda kwa mwalimu mkuu, nikamwambia apange foleni ale kwa sahani ya bluu, yeye na walimu wote. Akasema ana vidonda vya tumbo. Nikamwambia, "Mwalimu, nimepika hapa miaka kumi na moja na sijazika mtu." Jumatatu alipanga foleni na sahani ya bluu mkononi, walimu nyuma yake. Alikula, akaomba ukoko wa wali, na tangu hapo haukosi.

Basi wale wa darasa la saba, waliokuwa wakijiona wakubwa mno kwa chakula cha shule, wakaanza kugombea za bluu! Na yule msichana wangu wa nyuma ya tangi amerudi kwenye foleni.

Kwenye mkutano wa wazazi, seremala mmoja alisimama akauliza kwa nini yeye alipe na mwenzake asilipe. Nilimjibu kuwa watoto wa wenzake wasipokula, hata mtoto wake hatakuwa na jiko la kumpikia. Alininunia. Lakini Jumatano alikuja na misumari, akatengeneza mabenchi mawili, akatoa na mchango wake bila kunitazama usoni.

Juzi Ijumaa tulifika mia mbili themanini na saba. Zimebaki sahani kumi na tatu na wiki mbili. Hao kumi na tatu nitawafuata mmoja mmoja, hata wajifiche chooni. Jiko hili halifungwi mimi nikiwa na mwiko mkononi.

Lakini kilichonikalisha niandike ni kingine. Pale nyuma ya tangi nilikukumbuka wewe. Baba aliweza kulipia chakula cha mtoto mmoja tu, akanilipia mimi kwa kuwa nilikuwa na mtihani. Wewe ukasema hukipendi chakula cha shule, kinanuka moshi. Nikakuamini. Jioni ulikuwa ukimaliza sahani kabla sijatia mkono, tukikucheka, na mimi ndiye niliyekubandika jina la Chapuchapu. Kumbe ulikuwa na njaa, mdogo wangu, na mimi nilikuwa nimeshiba. Nisamehe.

Msalimie wifi yangu, na umbusu binti yenu; mwambie shangazi yake anataka picha kabla yale mapengo hayajaota meno. Mama anakusalimu, na mjomba fundi cherehani pia. Mungu aibariki mikono yako na ayalinde macho yako na cheche.

Ukija likizo, pita kwanza jikoni kwangu. Nitakupakulia wewe kabla ya wote, na utakula polepole.

Ni mimi dada yako, nikupendaye leo kuliko jana.