Matobolwa ya Mama

Jumapili. Jua la Bariadi linawaka tangu asubuhi, na malori ya pamba yanapita nyuma ya nyumba yangu yakimwagia vumbi nguo nilizoanika. Nimekasirika, na safari hii sina wa kumlaumu.

Mama alipofariki aliniachia ndoo ya matobolwa. Alichemsha viazi vitamu mwenyewe, akavikata, akavianika juu ya jiwe kubwa kule kwetu Nkoma. Sikuyagusa. Nilisema nitayala nikipata siku ya kutulia, maana matobolwa hayaliwi kwa haraka. Ni makavu kama kuni. Unaweka kipande mdomoni, unakinyonya kwanza, kinalainika taratibu. Ukitafuna kwa pupa, jino linakwenda.

Siku ya kutulia haikuja.

Tangu biashara ya pamba iwe huria, kampuni zinagombania wakulima kama kuku waliomwagiwa pumba. Mimi ni karani wa kampuni mojawapo, na simu ya bosi haijui Jumapili.

Leo nimefungua ndoo. Unga ukanipanda puani. Wadudu wameyatoboa karibu yote.

Jirani yangu, Mama Kulwa, alinikuta nayachambua kwenye ungo, machozi yananitoka.

"Mwadila, mayu," akanisalimu kwa Kisukuma. "Unalilia viazi?"

"Ni vya mama."

Akachungulia ndoo. "Kwani alikukatia wewe, au aliwakatia hawa wadudu? Wenzio wameshiba, wewe ulikuwa mlinzi tu!"

Nilitaka kumfukuza. Nikacheka, kisha hasira ikazidi, kwa sababu alisema kweli.

Vipande vizima havikujaza hata bakuli. Tukakaa mlangoni, kila mtu na chake. Kwanza vumbi, halafu kiazi, halafu ile sukari inayokuja kwa kujivuta. Nikamwona mama akilini, kule Nkoma, akiwafukuza kuku kwa kandambili, shavu limevimba, hatoi neno. Kwetu mwenye tobolwa mdomoni hasemeshwi. Unangoja ameze.

Simu ikaita. Bosi.

Mama Kulwa akanitazama, naye shavu limemvimba, akainua nyusi. Nikamwonyesha mdomo wangu.

Ikaita mpaka ikanyamaza. Ikaita tena. Sisi tunanyonya tu.

Bado nina hasira na wadudu, na bosi, na mimi mwenyewe. Lakini vipande vilivyobaki sivitafutii tena siku. Kesho simu ikianza kelele zake, natia kingine mdomoni.